Mfumo Haupokei Nusu

Fomu inafungwa saa sita usiku, wamesema,
shule mia na kumi na saba za wilaya,
kata kwa kata, mkondo kwa mkondo,
na mimi hapa na feni inayozungusha vumbi lilelile,
chai imepoa, mgongo unanidai.

Madawati nimeingiza. Matundu ya vyoo nimeingiza.
Walimu wa kike, wa kiume, wa kujitolea.
Nimefika Ilolo Mchangani, nimekwama tena,
palepale nilipokwama wiki iliyopita.

Mwalimu Sogodi aliandika kwa wino mwekundu
(wa bluu, alieleza pembeni, umekwisha):
*Darasa la kwanza: mia mbili na sita na nusu.*

Nilimpigia. Mtandao kule unapatikana juu ya kichuguu,
kwa hiyo alipopokea alikuwa anahema.
"Mwalimu, mtoto hana nusu."
"Afisa, njoo uone."

Nikaenda. Pikipiki ya idara ilinibwaga
kwenye mchanga wa korongo, pale akina mama
wanapofukua maji, kikombe kwa kikombe.
Pande zote mtama umesimama mkavu, haujatoa suke,
kama mtu aliyeinuka kikaoni
akasahau alichotaka kusema.

"Mbukwa," nikasema.
"Mbukwenyi," likajibu darasa zima, na ukuta ukatikisika,
au niliona hivyo, kwa wingi wao sakafuni.

Nikaona penseli moja ikikatwa mara tatu kwa wembe.
Nikaona zamu ya uji: walioandikishwa kwa namba witiri leo,
wa namba shufwa kesho.
Mzazi mwenye uwele huleta debe,
asiye na uwele huleta kuni,
asiye na kuni huja yeye na mikono yake, akakoroga.
Siku hiyo wakorogaji walikuwa wengi kuliko uwele.

"Nusu yangu yule pale," mwalimu akanionyesha.
Mbeleje. Miaka saba, goti lina jivu.
Kengele ya mapumziko ilipolia, wenzake wakaenda foleni,
yeye akaweka kipande chake cha penseli nyuma ya sikio
akatoka mbio kuelekea mashamba ya zabibu,
akapokee mbuzi kwa kaka yake,
ili kaka awahi darasa la mchana.

"Nikimwandika yupo, nasema uongo.
Nikimwandika mtoro, nasema uongo mkubwa zaidi.
Mtoro anaikimbia shule, Afisa.
Huyu anaikimbilia."

Sikuwa na jibu. Nilipangusa kofia yangu ya pikipiki
ambayo haikuwa na uchafu mpya.
Sikumwambia kwamba katika kabati la ofisi yetu,
ndani ya faili lililoliwa kona na mchwa,
upo mstari wa mwaka mmoja wa njaa:
*Waliopo themanini na wanane. Asiyepo mmoja.*
Na kwamba ninamfahamu huyo mmoja,
ninajua alikuwa wapi siku ile, na mbuzi wangapi,
na namna alivyosikia kengele kutoka mbali
akahesabu vipindi kwa vidole.

Sasa ni saa tano na dakika arobaini.
Ninaandika: mia mbili na sita, nukta, tano.
Kisanduku kinageuka chekundu.
*Ingiza namba kamili.*
Ninajaribu tena, kama mjinga. Chekundu.
Mia mbili na sita, ninamfuta.
Mia mbili na saba, anashiba uji ambao hajauonja.

Ninaandika saba.

Chini kabisa pana nafasi ya maoni,
herufi zisizozidi mia moja.
Sijui huko juu nani anasoma maoni.
Miaka tisa nimeiacha tupu.
Leo ninaandika polepole, ninahesabu herufi:

*Ilolo Mchangani. Wa 207 huondoka saa nne.
Uji wake utoke mapema.*

Ninabonyeza. Feni inazunguka.
Bado Chisalu.